Dar hadi Udzungwa kupiga picha za mbega mwekundu: chagua watu kabla ya lenzi

Safari yangu ya kwanza Udzungwa, hifadhi ya taifa ya milima na misitu, kuwapiga picha mbega, kima wa juu ya miti, tulikwenda saba ndani ya Noah, spika ikiunguruma tangu Kimara. Nilirudi Dar na picha mbili za mikia. Lenzi ilikuwa nzuri tu. Tatizo lilikuwa sisi.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na kamera.

Hatua ya 1: Chuja washikaji

Wanne wanatosha. Kila anayetaka kuja namuuliza swali moja: unaweza kukaa nusu saa chini ya mti bila kuongea wala kushika simu? Anayecheka kwanza, namwacha. Na mwenye mafua abaki Dar, hata kama keshachanga, maana kima huambukizwa magonjwa yetu ya njia ya hewa. Mimi hubeba barakoa, navaa tukiwakaribia.

Mchango ukusanywe wote siku tatu kabla: mafuta, malazi, kiingilio, malipo ya askari wa kutuongoza. Wa "nitakutumia tukifika" hupanda gari safari ijayo. Kila mtu awe na kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Hifadhini hulipi fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki.

Hatua ya 2: Barabara

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika njia za msituni huteleza kama sabuni.

Ondoka saa kumi alfajiri, uwe umevuka Kibaha kabla foleni haijaamka. Chalinze, Morogoro, Mikumi mjini, kisha kata kushoto njia ya Ifakara: unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, unapita mashamba ya miwa, unaingia Mang'ula yaliko makao makuu ya hifadhi. Ni kama kilomita 350. Kwa karatasi ni saa tano, kwa tochi za trafiki na vibao vya 50 kila kijiji hesabu saba. Ukifika njia ya miwa punguza mwendo zaidi, matela yale hayana haraka na hayana huruma.

Katikati ya Hifadhi ya Mikumi barabara kuu inakatiza kwa takriban kilomita 50. Utaona twiga na swala ukiwa kwenye kiti. Usishuke kupiga picha, na usikimbize gari: ukimgonga mnyama, unalipa faini.

Siku hiyo usipange kupiga picha. Fika, lipa, ongea na askari, lala.

Hatua ya 3: Jua unamtafuta nani

Udzungwa ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na ndani yake hakuna barabara za kuzungukia kwa gari. Ni miguu mwanzo mwisho. Ndiyo maana wengi huishia Mikumi.

Wa kwanza ni mbega mwekundu wa Udzungwa: kofia nyekundu kichwani, mgongo mweusi, tumbo jeupe. Haishi kwingine duniani zaidi ya milima hii na misitu michache jirani. Huyu huonekana kirahisi, hata karibu na makao makuu.

Wa pili ndiye aliyenirudisha mara nne. Mangabi wa Sanje, kima mwingine ambaye wenyeji walikuwa wakimwita ng'olaga, hakujulikana na wanasayansi hadi mwaka 1979, watafiti waliposikia mlio wasioufahamu. Walimsikia kabla ya kumwona, na hivyo ndivyo utakavyompata wewe. Dume huanza na mlio mmoja mzito, ananyamaza kidogo, kisha anabwabwaja kama bata mzinga. Ukisikia hivyo simameni wote, mwachieni askari achague upande.

Sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2008, sijawahi kumpata. Na usimwahidi mtu kipunji, kima adimu. Yupo kwenye milima hii, lakini katika msitu wa Ndundulu, mbali na njia hizi za wageni.

Hatua ya 4: Kamera, kabla hujaingia

Zima kiyoyozi cha gari nusu saa kabla ya kushuka. Lenzi iliyopoa ikikutana na hewa ya msitu inafunikwa na ukungu papo hapo, nami nilishawahi kusimama dakika ishirini nikiifuta na fulana huku mbega wakihama. Ndani ya begi weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Waombe wauza viatu Kariakoo, wanavitupa.

Lenzi ya milimita 70–200 yenye tundu pana la f/2.8 ni bora kuliko lenzi ndefu yenye tundu dogo, kwa sababu inaingiza mwanga zaidi. Kule chini giza ni la kweli. Flashi iache nyumbani, droni pia.

Nguo zisipige kelele. Mshikaji wetu mmoja alivaa koti la mvua la nailoni, kila hatua utadhani anafungua pakiti ya krispi. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu.

Hatua ya 5: Kaa chini

Ingieni geti likifunguliwa tu. Njia ya maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, ndiyo ninayoipenda kwa mangabi.

Mkiwapata, msiwafuate. Kundi likiona watu wanne wanasogea, linasogea pia, na utapiga migongo asubuhi nzima. Muulize askari wanaelekea wapi, mzunguke kwa mbali, kisha mkae. Kukaa kabisa, makalio chini. Mangabi hutumia muda mwingi ardhini akifukua majani kutafuta matunda na wadudu, kwa hiyo ukiwa umekaa, jicho lako na lake ziko usawa mmoja. Picha ya kima kutoka juu inamfanya aonekane kama paka wa jirani.

Mimi huanza na tundu la f/4, kasi ya 1/320 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 3200. Usiiogope chenga ya ISO kubwa, inasafishika. Picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe.

Mbega wako juu, na hapo mtego ni anga. Kamera inaona weupe mwingi nyuma yake, inapunguza mwanga, unapata kivuli chenye mkia. Ongeza mwanga kwenye kamera (+1 hadi +1.5), anga likiungua liungue. Ukitaka anaporuka, panda hadi 1/1000, lenga tawi analoliangalia, usimlenge yeye. Mbega hutazama anapokwenda kabla ya kuruka. Subiri hapo.

Peaneni zamu ya nafasi nzuri, dakika kumi kumi, kwa ishara ya mkono. Tulipoanza utaratibu huu, ugomvi wa kwenye gari wakati wa kurudi uliisha.

Hatua ya 6: Kurudi

Usiku huohuo nakili kadi kwenye diski mbili, zikae mabegi ya watu wawili tofauti. Halafu jiandae, kwa sababu hakuna mtu wa Dar anayetoka bonde la Kilombero bila mchele. Safari ya mwisho buti lilibeba magunia matatu. Magunia yakae buti, kamera ibebwe mapajani hadi Mbezi.