Meza ya Kukunja Ukutani kwa Baraza Dogo

Kwenye baraza dogo, mwizi wa nafasi ni miguu ya meza. Hii ninayokuonyesha haina miguu. Ukiikunja, inabaki imetokeza kama sentimita 10 tu kutoka ukutani, na unapita na beseni lako la nguo bila kugonga goti.

1. Pima watu kwanza, mbao baadaye. Mtu mmoja anahitaji upana wa sentimita 60 mezani. Meza iwe juu sentimita 73 na kiti sentimita 45, mapaja yapate pa kupita. Nyuma ya kiti acha sentimita 60 za kupita. Chora vipimo hivyo sakafuni kwa chaki, weka kiti, kaa. Kama unabanwa na chaki, mbao zitakubana zaidi.

2. Mbao. Uso wa meza ni kipande cha plaiwudi ya kuhimili maji, unene milimita 18, ukubwa sentimita 90 × 40. Vipande vingine vyote vinaweza kutoka kwenye paleti kuukuu. Tafuta muhuri wa HT, maana yake mbao ziliuliwa wadudu kwa joto. Yenye MB ilipigwa dawa ya methili bromaidi. Iache hapo hapo. Ukishabana matumizi kwenye mbao, usiyabane kwenye bawaba na skrubu. Nunua zisizoshika kutu.

3. Miimo na ubao wa juu. Kata miimo miwili, yaani mbao za kusimama, ya sentimita 50, unene sentimita 4. Ifunge ukutani kwa plagi za kushikia skrubu na skrubu ndefu, mmoja kila mwisho wa meza, ukiinyoosha kwa pima maji. Ukuta uwe wa tofali au zege. Ukiugonga ukalia kama debe tupu, tafuta mwingine. Juu ya miimo laza ubao mwembamba wa sentimita 90 wenye upana wa sentimita 7. Huo haukunjwi.

4. Mabawa. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, nami nilikosea. Mabawa ni pembetatu mbili za mbao zinazobeba meza. Yanafunguka kama lango kutoka kwenye miimo, na yanajikunja kuelekea katikati. Ya kwanza niliyotengeneza yalikuwa na mikono (upande unaobeba meza) ya sentimita 45. Nikafunga bawaba zote, nikasimama kujisifu, nikakunja: yakagongana katikati na meza ikabaki imening'inia mshazari kama mlango uliong'oka. Piga hesabu kabla ya kukata: kati ya miimo una takriban sentimita 80, basi kila mkono usizidi 35. Unene wa bawa uwe sentimita 2.5, lipate kulala nyuma ya meza bila kuisukuma nje.

5. Bawaba za uso. Geuza plaiwudi na ubao wa juu kifudifudi, kingo zigusane, kisha funga bawaba tatu kwa upande wa chini. Zikifungwa juu, meza haitashuka. Unapofunga mabawa, yashushe kidogo ili ukingo wa mbele uwe chini kwa milimita 5 hivi. Maji ya mvua yateremke yenyewe.

6. Rangi. Piga msasa, kisha vanishi ya nje mikono mitatu. Kingo za plaiwudi zinakunywa maji kuliko uso, kwa hiyo zipake mara mbili zaidi, pamoja na matundu ya skrubu kabla hujazikaza.

Vanishi ikikauka, fungua mabawa na uegemee ukingo wa mbele kwa viwiko vyote viwili. Mwimo ukicheza hata kidogo, fungua skrubu uanze upya na plagi nene zaidi, kabla hujaweka chai ya mtu juu yake.