Mawaridi ya zamani kwa bustani ya Dodoma: angalia hali ya hewa kabla ya rangi

Kwenye vitalu vingi vya kando ya barabara, waridi linauzwa kwa rangi. Jekundu, jeupe, la njano, la pinki, basi. Jina la aina muuzaji mara nyingi halijui, na mnunuzi haulizi. Kama unataka ua la kupendezesha geti kwa msimu mmoja, hakuna neno. Lakini kwa mti wa waridi utakaokaa mbele ya baraza miaka kumi na zaidi, jina lina uzito, kwa sababu kila aina ina ugonjwa wake, na magonjwa hayo hayana nguvu sawa kila mahali.

Hapa nazungumzia mawaridi ya kundi la haibridi tii, yale yanayotoa ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu. Kwa desturi kundi hili linahesabiwa kuanzia La France, waridi la pinki lililotolewa na Guillot wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1867. Kwa bustani ya nyumbani Dodoma, zinazofaa kufikiriwa ni aina zilizotoka kati ya miaka ya 1940 na 1970. Nyingi zina harufu ambayo mawaridi mengi ya maduka ya maua yameikosa, na haki za wagunduzi wake zimeshakwisha muda, kwa hiyo hukosei ukiomba kijiti kwa jirani.

Sababu nyingine wengi hawaifikirii. Sifa na lawama za aina hizi zimeandikwa zaidi na watu wa Ulaya, ambako majani ya waridi hulowa sehemu kubwa ya mwaka. Wao hupima waridi kwa ugonjwa wa madoa meusi kwanza. Vimelea vya madoa meusi vinahitaji jani libaki na maji kwa saa kadhaa mfululizo ndipo vishike. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki jani ni kavu. Waridi lililokataliwa kule kwa madoa meusi linaweza kukusumbua hapa Januari hadi Machi tu, ukaokota majani yaliyoanguka, ukayachoma, mambo yakaendelea. Tena maua yenye petali nyingi, ambayo kwenye mvua za kila siku huoza kabla ya kufunguka, kwenye hewa yetu hufunguka vizuri na kudumu kuliko yenye petali chache, ambayo jua la Oktoba huyamaliza kwa siku moja.

Adui wetu ni ubwiriunga, ukungu unaofunika majani kwa unga mweupe. Ugonjwa huu hauhitaji jani lililolowa. Unapenda mchana mkavu wenye joto la wastani na usiku wa baridi, na hiyo ndiyo Dodoma ya Juni hadi Agosti. Wenye mizabibu wanaujua unga huo mweupe, ila kimelea cha mzabibu na cha waridi ni tofauti: shamba la zabibu la jirani halikuambukizi waridi. Dawa ndiyo inayofanana. Salfa inafanya kazi kwa vyote viwili, mradi upige asubuhi na mapema. Ukipiga wakati joto linakaribia nyuzi 32, unaunguza majani.

Kwa hiyo ukitaka waridi jekundu, chagua kwa kuangalia ubwiriunga. Linganisha Mister Lincoln la 1964 na Papa Meilland la 1963. Ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, yote yametokana na mawaridi yaitwayo Chrysler Imperial na Charles Mallerin. Yote yana wekundu wa kiza na harufu nzito. Papa Meilland ni zuri kupindukia likiwa kwenye chupa ya maji, lakini huvamiwa na ubwiriunga upesi. Mister Lincoln hupanda juu, lina nguvu, na linastahimili zaidi. Kwangu hapo hakuna mjadala. Crimson Glory la 1935, ambalo limezaa mawaridi mekundu mengi, nalo ni dhaifu kwa ubwiriunga na shingo ya ua lake huinama. Mekundu ya kiza yote yapande mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nane mchana, kwa sababu petali zake huungua pembezoni zikawa nyeusi.

Kwa anayeanza, Queen Elizabeth la 1954 ndilo la kwanza kununua. Wataalamu huliweka kwenye kundi lake pembeni, kwa kuwa hutoa maua kwa vishada, lakini lina damu ya haibridi tii. Ni la pinki, harufu yake ni ndogo, na mti wake hupita urefu wa mtu. Lipande nyuma, kwenye ukuta, si mbele ya dirisha. Mtoto wake, Pascali, ni jeupe na ni mojawapo ya meupe ya zamani yasiyosumbua sana.

Peace ni la njano lenye pinki kwenye kingo, kazi ya Francis Meilland wa Ufaransa. Lilipewa jina hilo Marekani Aprili 29, 1945, vita kuu ikielekea ukingoni. Huko nje hulaumiwa kwa madoa meusi; kwetu lawama hiyo ni ya miezi mitatu. Double Delight la 1977 lina faida ya pekee: wekundu kwenye petali zake nyeupe huletwa na mwanga wa jua, na jua tunalo. Litahitaji salfa wakati wa baridi. Super Star la 1960, lenye rangi ya chungwa, ningeliacha, kwa sababu ya ubwiriunga huohuo.

Ukifika kitaluni, nusa ua, pindua majani. Vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba chini ya jani ni utitiri mwekundu. Usiubebe mche huo nyumbani. Angalia pia kama mche umebebeshwa, yaani umeunganishwa juu ya shina la waridi jingine. Ukiwa na kifundo karibu na udongo, umebebeshwa, na chipukizi lolote litakalotoka chini ya kifundo ni la shina la chini. Ling'oe kwa kulivuta, usilikate, vinginevyo miaka michache baadaye utakuwa unamwagilia ua ambalo hukulinunua.

Maji ndiyo mtihani. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na kunyunyiza kidogo kila jioni hujaza chumvi kwenye tabaka la juu la udongo hadi kingo za majani zikaungua. Afadhali lita 15 hadi 20 kwa mti mara mbili kwa wiki, zishuke chini na kusukuma chumvi iondoke kwenye mizizi. Maji ya mvua ya bati, ukiwa na tenki, yaweke kwa mawaridi kwanza. Jani changa likigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mti unakosa madini ya chuma kwa sababu ya udongo wenye magadi. Kuongeza urea hakutasaidia.

Shimo liwe la sentimita 50 kila upande, na samadi iwe imeoza kabisa, maana samadi mbichi na mabua makavu ni karamu ya mchwa. Kwa sababu hiyo napendelea matandazo ya kokoto kuliko nyasi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, inua tuta kwanza.

Kupogoa ndiko wakulima wa zabibu wanakokosea. Mkono uliozoea mzabibu hukata hadi yakabaki macho mawili. Waridi letu halilali usingizi wa baridi kama la Ulaya, na shina lililovuliwa majani yote huungua na jua. Ondoa theluthi moja tu, pamoja na matawi makavu na yanayosuguana. Kuanzia mkato hadi ua ni wiki sita hadi nane. Ukipogoa mwishoni mwa Aprili unapata maua ya Juni, ambayo ndiyo bora ya mwaka kwa ukubwa na rangi. Anayetaka maua ya Krismasi apogoe mwishoni mwa Oktoba.

Vijiti vya kuotesha vikate kwenye tawi lililomaliza kutoa ua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, uvichomeke kwenye kiriba cha mchanga kivulini. Queen Elizabeth hushika kwa urahisi. Ya njano ni magumu zaidi. Kwa Peace, tafuta mche uliobebeshwa.