Kuomba Msaada wa Fedha za Chuo Marekani Wakati Wazazi Wametengana

Mwanafunzi ambaye wazazi wake wametengana, na anayetaka kuomba msaada wa serikali ya Marekani ikiwemo ruzuku ya Pell ambayo kwa kawaida hairudishwi, anapaswa kujua jambo moja kabla hajaifungua FAFSA, yaani fomu ya serikali ya kuombea msaada huo: ni mzazi yupi atakayeandikwa. Wengi huandika jina la yule wanayeishi naye. Ndivyo ilivyokuwa zamani, na ndivyo ndugu waliosoma miaka ya nyuma wanavyoendelea kushauri kwa nia njema, lakini tangu fomu ya mwaka wa masomo wa 2024–25 anayehesabiwa ni mzazi aliyemkimu mwanafunzi kwa fedha nyingi zaidi katika miezi 12 iliyotangulia siku ya kujaza.

Jambo hilo lisijibiwe kwa kukisia. Chukua daftari, gawa ukurasa sehemu mbili, mama huku na baba kule, kisha andika kila kilichotoka kwa ajili yako: sehemu yako ya kodi ya nyumba, chakula, nguo, bima ya afya, simu, nauli, michango ya shule. Baba anayetuma dola 300 kila mwisho wa mwezi huonekana ndiye anayebeba mzigo, kwa kuwa fedha yake huja kwa mkupuo na huacha kumbukumbu benki, ilhali mama anayelipia chumba, umeme, mchele na viatu hutoa kidogo kidogo na hakuna anayejumlisha. Jumlisha. Mizani ikilingana kabisa, ataandikwa mwenye mapato na mali zaidi. Akiwa ameoa au ameolewa tena, taarifa za mwenzi wake nazo zinaingia. Daftari hilo litunze, kwa sababu chuo kinaweza kukuuliza ulifikaje hapo.

Kutengana huko hakuhitaji karatasi ya mahakama, ingawa chuo kinaweza kuomba uthibitisho. Wazazi wanaoendelea kukaa nyumba moja wanaandikwa wote wawili, hata kama wamekwisha kuachana. Kwa familia zetu za wakimbizi ipo pia hali ya mama aliyefika jimbo la Kentucky na watoto wakati baba bado anasubiri safari katika kambi ya Kakuma, Kenya. Hao hawajatengana, wametenganishwa. Ndoa yao ikiwa hai wanaandikwa wote wawili, na mapato ya baba, kama yapo, yanageuzwa kuwa dola. Bibi, shangazi au mjomba aliyekulea haandikwi kama mzazi, hata kama ndiye uliyemwita mama tangu utotoni, isipokuwa awe amekuasili kisheria. Najua jambo hili linauma.

Mzazi anayeandikwa hufungua akaunti yake mwenyewe katika tovuti ya serikali ya StudentAid.gov, jambo linalowezekana hata kwa asiye na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), kisha hutoa ridhaa ili taarifa za kodi zichukuliwe kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Asiporidhia, mwanafunzi hapati msaada wa serikali kuu. Hapa ndipo baba wengi hugoma, wakidhani kwamba kuweka jina ni kukubali kulipa ada. Mweleze mapema na kwa heshima kwamba ridhaa hiyo haimfungi kulipa chochote.

Fomu ya mwaka wa 2026–27 hutazama kodi ya 2024. Ikiwa mwaka huo wazazi walijaza kodi kwa pamoja kisha wakatengana, mapato ya anayeandikwa yatatenganishwa na ya mwenzake, kwa hiyo zitafutwe karatasi za W-2 za kila mmoja, yaani zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa. Fedha za matunzo ya mtoto alizopokea mzazi huyo zinaandikwa pia.

Vyuo vingi binafsi huongeza CSS Profile, fomu ya shirika la College Board ya kuombea msaada wa vyuo vyenyewe, na baadhi yao hudai taarifa za wazazi wote wawili, kila mmoja kwa akaunti yake ambayo mwenzake haioni. Kama mzazi wa pili hajulikani aliko, au kumtafuta ni hatari, omba msamaha wa kutomhusisha, ukiambatisha barua ya mtu anayeijua familia, kama vile mshauri wa shule, mchungaji au imamu. Kila chuo huamua kivyake, hivyo kukubaliwa na kimoja hakukupi uhakika kwa kingine.

Ukiwa umetelekezwa na wazazi wote wawili, au umekimbia ukatili nyumbani, usiiache fomu njiani. FAFSA ina swali kuhusu hali zisizo za kawaida. Jibu kwamba unayo hali hiyo, peleka fomu bila taarifa za mzazi, kisha wasiliana mara moja na ofisi ya msaada wa fedha ya chuo ukiwa na barua zako, kwa kuwa ofisi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kukuhesabu kama mwanafunzi anayejitegemea.