Selfu inazunguka kivivu alfajiri: pima kabla hujanunua betri

Kuanzia mwezi wa sita nagongewa mlango kabla hakujapambazuka. Hapa Newala tuko juu, uwanda wa Makonde, asubuhi zina ubaridi, na ndio msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Salfa hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Pikapu ikigoma hadi jua litoke, kazi ya siku hiyo imeharibika.

Kila anayekuja ananiambia, "Fundi, baridi imeua betri." Siyo. Ile namba ya CCA iliyoandikwa juu ya betri ni nguvu yake ya kuwasha ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ya kugandisha maji. Betri nzima haishindwi na asubuhi ya Newala. Ubaridi wetu unapunguza nguvu kidogo na kuifanya oili iwe nzito, basi udhaifu uliokuwa umejificha mchana unaonekana.

Kwanza sikiliza. Selfu, ile mota inayozungusha injini ili iwake, ikizunguka kivivu, tafuta kwenye umeme au oili. Ikizunguka kwa kasi lakini injini haishiki, hiyo ni habari nyingine, nitaifikia.

Pima betri kwa mita ya volti asubuhi kabla hujagusa switchi. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, 12.0 karibu imekwisha. Halafu mwenzako apige selfu huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au haikujaa. Usiihukumu bado: injini ikiwaka, pima tena. Altaneta, inayochaji betri injini ikiwaka, inatakiwa kutoa kama 13.8 hadi 14.4. Isipofika hapo, hata betri mpya utaimaliza wiki hiyohiyo.

Sasa waya, na hapa naomba usiwe na haraka. Mzee mmoja wa Kitangari alinunua betri mpya, na gari ikabaki vilevile. Mita ilisoma 12.6, na wakati wa kupiga selfu ikabaki juu ya 11. Maana yake betri ilikuwa na nguvu ila haifiki kwenye selfu. Niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwambia, "Piga, mzee." Ikasoma volti 1.4. Hapo haitakiwi kuzidi nusu volti. Waya wa atha, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini, ulikuwa mzima kwa nje. Nilipochana plastiki, shaba ndani imekuwa unga wa kijani. Gari hiyo ilikuwa ikilala Mtwara mjini karibu na bahari kwa miaka, na chumvi ya pwani hufanya kazi kimyakimya. Nilibadilisha waya mmoja tu. Pesa ya betri ilikuwa imeshatoka, na hilo liliniuma kwa sababu ni pesa ya korosho.

Huna mita? Piga selfu sekunde chache, kisha shika viungo vya waya. Kinachochoma mkono ndicho kibovu. Au washa taa kubwa ukipiga selfu: zikizimika kabisa, angalia betri na vichwa vyake, yaani nguzo zinapofungwa waya; zikibaki na mwanga mkali huku selfu inajikongoja, angalia waya mnene, atha, au kaboni na bushi za selfu yenyewe. Ukisafisha vichwa kwa msasa, fungua hasi kwanza na uifunge mwisho. Sigara weka mbali, betri inatoa gesi inayolipuka.

Oili: dizeli iliyopitisha muda wa sevisi, oili yake imejaa masizi na inavuta kama asali. Kwenye kopo, namba iliyo kabla ya W ikiwa ndogo, oili ni nyepesi asubuhi. 15W-40 huzunguka kirahisi kuliko 20W-50. Fuata kitabu cha gari lako.

Na ile inayozunguka vizuri ila inatoa moshi mweupe na kutetemeka dakika nzima? Kwenye dizeli za zamani, anza na hita plagi, zile zinazopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha. Fungua ule ukanda unaoziunganisha, la sivyo moja nzima itakudanganya kuwa zote nzima. Funga waya wa taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi kwa ncha yake. Isiyowasha taa imekufa. Zikiwa nzima zote, pima kama umeme unazifikia ukiwasha switchi, ndipo ukaangalie hewa kwenye njia ya dizeli.