SOMO: Programu ni ya bure kweli au ni ya majaribio? Jinsi ya kujua kabla hujapakua

Malalamiko hayaishi: "Nilipakua bure, mbona sasa inadai hela?" Kile kitufe kikubwa cha kijani kinakuahidi jambo moja tu, kwamba hulipii kupakua. Kuhusu kutumia hakijasema kitu. Twende hatua kwa hatua.

1. Nenda kwa mtengenezaji mwenyewe. Tovuti za kupakulia huandika "Free" kila mahali, na nyingine huongeza vitu vyao. Mwaka 2011 Download.com ilikutwa imeifunika Nmap (programu ya kukagua mitandao) kwa kisakinishi chake chenye programu za ziada ambazo mtu hakuziomba. Mwaka 2015 ikawa zamu ya SourceForge, tovuti nyingine ya kupakulia, safari hii kwa GIMP (programu ya kuhariri picha) ya Windows. Na wakati huo Nmap na GIMP zote zilikuwa programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu!

2. Tafuta ukurasa wa leseni. Ukikuta GPL, MPL au MIT, hiyo ni huria: tumia nyumbani, tumia ofisini, gawa nakala, fungua msimbo uone kilichomo. Humo wamo VLC, LibreOffice na 7-Zip. Nyingine bei yake ni sifuri lakini msimbo umefungwa na masharti ni ya mwenyewe. Leo bure, kesho anaweza kubadili. Kundi la tatu ni za majaribio, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. WinRAR hutoa siku 40, zikiisha inakukumbusha kununua lakini inaendelea kufunguka. Basi watu wanaihesabu ni ya bure. Siyo. Leseni inakutaka ulipe au uiondoe.

3. Soma ni nani anayeruhusiwa. VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako, ni mfano mzuri. Programu yenyewe ni huria, chini ya GPL. Ila kile kifurushi cha nyongeza, Extension Pack, kina leseni yake: bure kwa matumizi binafsi na ya kielimu, kampuni inatakiwa kununua. Unavipakua ukurasa mmoja, vinakaa kwenye kompyuta moja, sheria mbili tofauti. Wengi hubonyeza "Nakubali" bila kusoma.

4. Jaribu hatua ya mwisho kwanza. Chukua faili dogo, lihariri, kisha lihifadhi. Nyingi za majaribio za kuhariri video hupiga chapa yao juu ya picha. Baadhi ya zile za kurejesha mafaili yaliyofutika zina mtego zaidi: zinakuonyesha orodha ya picha zako zote, ukibonyeza kuokoa ndipo bei inatokea.

5. Wakati wa kusakinisha, chagua "Custom" na utoe tiki kwenye kila usichokijua.

MASWALI YA WANACHAMA

Nimeombwa kadi ya benki kwa majaribio ya siku 7. Ni sawa?
Majaribio ni ya kweli, ila hapo umeshajiunga na malipo ya kila mwezi au mwaka. Muda ukipita wanakata. Na jua hili: kuifuta programu kwenye kompyuta hakusitishi malipo. Ingia kwenye akaunti yako ukasitishe huko.

Nikirudisha tarehe ya kompyuta nyuma, siku haziongezeki?
Baadhi ya zile za zamani zilidanganyika hivyo. Siku hizi nyingi huuliza seva yao tarehe. Utakachovuna ni kivinjari kugoma kufungua tovuti, maana vyeti vya usalama vitaonekana havijaanza kutumika. Na leseni utakuwa umeivunja vilevile.

Kuna mtu anauza programu huria. Si utapeli huo?
Hapana, kuuza kunaruhusiwa. Hata GPL haikatazi, mradi mnunuzi apate haki ya msimbo na ya kugawa nakala. LibreOffice yenyewe huuzwa kwenye duka la programu la Apple na ni halali kabisa. Ila kwenye tovuti ya mradi unaipata bila kulipa, kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize muuzaji anakuongezea nini.