Leso moja, mifuko 3 ya sokoni

Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Kenya 28 Agosti 2017, lakini ile laini ya madukani inayofanana na kitambaa nayo ni plastiki. Ikichanika hutupwa jaani, na hapa Lamu punda huila.

Shona yako. Leso kuukuu ya sentimita 150 kwa 110 yatosha. Iinue kwanza kwenye mwanga: palipochakaa hadi paonekane kama wavu pasiguse kitako cha mfuko. Kata vipande 3 vya 40 kwa 90, kunja kila kimoja katikati, shona mbavu mara mbili, pinda mdomo. Ukanda wa 30 kwa 110 uliobaki hutoa vishikio 6 vya 10 kwa 55. Kunja upana wa kila kimoja uwe tabaka nne. Kishikio ndicho hukatika kwanza, kwa kuwa wengi hukibandika ukingoni kwa mstari mmoja wa uzi. Kishushe sentimita 4 ndani ya pindo, shona mraba, kisha msalaba ndani ya mraba huo.

Samaki usiwatie humo kabisa. Wachukulie ndoo ndogo yenye kifuniko, muuzaji awatie moja kwa moja. Nazi na viazi ni vya kikapu cha ukili. Kikilowa kiangike kivulini penye upepo, mdomo chini. Ukikihifadhi kibichi kitaota ukungu na ukili utakatika mikononi.

Mfuko mmoja ukae daima ndani ya mkoba unaotoka nao.