Kutia Pamba Rangi kwa Maganda ya Vitunguu

Kwa anayeanza, hakuna rangi rahisi kuliko maganda makavu ya vitunguu maji. Wauza vitunguu wa Kariakoo na Mabibo huyatupa kila siku, nayo maganda hutoa njano iliyokolea inayokaribia rangi ya chungwa. Anza kuyakusanya mapema: ni mepesi, robo kilo tu hujaza mfuko mkubwa.

Vipimo hivi ni vya nusu kilo ya kitambaa kikavu, kama mita mbili za marekani, lakini tumia mizani. Kwanza choma uzi mmoja. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Uzi ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ina poliesta. Haitashika rangi hata uichemshe mpaka asubuhi.

Rangi ikichuja, mara nyingi kosa liko kwenye kuandaa kitambaa, wala si kwenye maganda. Pamba mpya ina nta na wanga wa kiwandani. Ichemshe saa moja kwa maji mengi, vijiko viwili vya chakula vya magadi na sabuni kidogo. Maji yatageuka kama chai ya rangi hata kama kitambaa kilionekana cheupe. Tumia sufuria ya stili, maana magadi hula alumini. Suuza vizuri.

Shabu ndiyo hushikisha rangi kwenye kitambaa, lakini pamba haishiki shabu vizuri peke yake, hivyo ipe chai kwanza: chemsha gramu 50 za majani, chuja, loweka kitambaa saa moja hadi mbili. Kikamue. Sasa saga shabu gramu 75, yaani asilimia 15 ya uzito wa kitambaa, uiyeyushe kabisa kwenye maji ya moto kabla ya kuongeza ya uvuguvugu. Punje isiyoyeyuka huacha doa. Loweka usiku kucha, kisha suuza mara moja.

Maganda, gramu 250, yachemshe taratibu kwa saa moja na uchuje kwa kanga kuukuu. Ingiza kitambaa kikiwa kibichi; kikavu hunywa rangi kwa mabaka. Kielee bila kubanana. Jiko la mkaa likizidi moto, punguza mkaa: maji yatoe mvuke tu, yasitokote. Geuza kila dakika chache kwa saa nzima, epua, acha kipoe humohumo. Suuza mpaka maji yawe meupe, anika kivulini. Wakati wa masika kitandaze juu ya kamba mbili ili upepo upite katikati, la sivyo kitavunda kabla hakijakauka. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Ukitaka kijani cha zeituni, weka misumari yenye kutu kwenye chupa, siki sehemu moja kwa maji mawili, usikaze kifuniko, subiri wiki. Mimina vijiko vitatu kwenye ndoo ya maji, tumbukiza kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi kwa dakika tano tu, suuza. Chuma kikizidi hudhoofisha uzi. Chuma pia hufifisha rangi, ndiyo maana maji ya visima vyenye chuma hutoa rangi iliyofifia na kuwa kama ya matope hata usipotia kitu. Ya mvua ni salama zaidi.

Manjano ya unga inavutia, lakini hupauka juani upesi, na ikiguswa na sabuni ya mche huwa nyekundu palepale (ndimu huirudisha). Rosela ni danganya toto kabisa: sufuriani damu ya mzee, kwenye pamba kijivu.

Maji ya maganda yaliyobaki usiyamwage. Yatatia nusu kilo nyingine njano hafifu, ila kwa joto la Dar yatumie ndani ya siku mbili. Yakianza povu na harufu, yamekwisha.